Kama vita ilikuwa ya Waingereza wenyewe kwa wenyewe, mbona mashamba yaliyochukuliwa ni ya Waairishi?

Bint Tanga:

Habari za jioni wanajamvi. Mimi nipo Drogheda, mji wa Ireland ulio kaskazini mwa Dublin, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kati ya wazee wangu yupo mmoja wa miaka themanini na kitu, asili yao ni Tipperary. Ni mpole kupita kiasi, hata dawa chungu anameza kimya. Juzi televisheni ilikuwa inaonyesha kipindi kuhusu Oliver Cromwell, akaniomba nizime. Akasema, "Huyo ndiye aliyetuhamisha." Anasema "aliyetuhamisha" kama jambo la majuzi, kumbe ni zaidi ya miaka 370.

Nikaanza kusoma. Nimeelewa kwamba miaka ya 1640 Waingereza walipigana wenyewe, Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja na Bunge upande wa pili. Bunge likashinda, mfalme akakatwa kichwa Januari 1649. Agosti mwaka huohuo Cromwell, jemadari wa Bunge, akashuka Dublin na jeshi, Septemba akafika hapa Drogheda, watu wakauawa kwa maelfu, wengine wakachomwa ndani ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro walikokimbilia. Hayo ya vita nayaona. Ninachoshindwa kuelewa ni habari ya mashamba. Wamegombana mfalme na Bunge lake, sasa imekuwaje mwisho wa ugomvi watu wa Tipperary wakafungashiwa virago kupelekwa magharibi? Kila ninayemuuliza hapa anasema ni udini. Ni udini peke yake? Mwenye kujua naomba anieleweshe, na asinionee huruma kwa urefu wa maelezo.

Mpima Mstaafu:

Bint Tanga, hujambo mwanangu. Nimekuwa mpima ardhi Nakuru na Trans Nzoia hadi nilipostaafu, na habari za Ireland nimezifuatilia kwa sababu ya kazi yangu, utaona huko mbele. Umeuliza swali ambalo watu wengi hawafiki. Jibu langu ni deni.

Twende taratibu. Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ulster, mkoa wa kaskazini mwa Ireland, waliasi. London ilihitaji jeshi la kuuzima uasi, lakini hazina ilikuwa tupu, na mfalme na Bunge walikuwa hawaaminiani hata kidogo. Machi 1642 ikapitishwa sheria, na mfalme mwenyewe akaikubali: mwenye fedha aikopeshe vita, naye atalipwa kwa ardhi watakayonyang'anywa waasi wa Ireland. Ekari milioni 2 na nusu ziliwekwa rehani namna hiyo, na bei ikatangazwa mapema, mkoa kwa mkoa. Ekari 1,000 za Ulster ni pauni 200. Connacht pauni 300, Munster 450, Leinster 600. Hebu tafakari. Shamba lina mwenyewe, amelima, ng'ombe wake wako malishoni, na kule London kuna mfanyabiashara tayari ana stakabadhi ya shamba hilo mfukoni. Ardhi iliuzwa miaka kumi kabla ya kutekwa.

Miezi michache baadaye vita vikawaka Uingereza kwenyewe. Bunge likachota pauni 100,000 katika mchango ule ule wa Ireland na kuzitumia kupigana na mfalme. Kwa hiyo fedha ilitumika kwao, deni likaachwa juu ya mashamba ya Waairishi. Hapo ndipo vile vita viwili unavyovitenganisha vilipofungwa fundo moja.

Mwaka 1643 Bunge liliishiwa tena, likatoa ahadi nono zaidi: aliyeongeza robo ya mchango wake atapewa ardhi maradufu, tena kwa ekari ya Kiairishi. Mtu wa kawaida atapita hapo bila kushtuka. Mpima hapiti. Fimbo ya kupimia ya Kiingereza ilikuwa futi 16 na nusu, ya Kiairishi futi 21. Zidisha pande zote mbili uone: ekari moja ya Kiairishi inameza ekari 1.6 za Kiingereza. Kwa kubadilisha urefu wa fimbo tu, kwenye karatasi, bila mtu kukanyaga shamba, familia nyingine nyingi zilikuwa zimeshapoteza kwao na hazijui.

Fika sasa 1652. Ireland imeshindwa. Cromwell alishaondoka tangu Mei 1650, kazi imemaliziwa na majemadari wake. Wakopeshaji wa 1642 wanadai. Askari nao wanadai mishahara ya miaka. Bunge halina fedha taslimu, lina Ireland. Likisamehe, litalipa kwa nini? Sheria ya Agosti 1652 imeandikwa na mtu anayetafuta ardhi ya kulipia. Zaidi ya watu mia moja wametajwa kwa majina kwamba hawana msamaha. Wengine wamepangwa kwa makundi, na kundi la mwisho ndilo la kutisha: Mkatoliki ambaye hakushika silaha kabisa, ila hakuonyesha mapenzi ya kudumu kwa upande wa Bunge, anapoteza theluthi ya mali, na ile iliyobaki atafidiwa sehemu nyingine. Ukikaa kwako kimya, umekosa. Lakini maskini asiye na ardhi na mwenye mali isiyofika pauni 10 alisamehewa. Huyo hakuwa na kitu cha kulipia deni la mtu.

Ugawaji ulifanyika kwa kupiga kura. Mwaka 1653 wakopeshaji walikusanyika London katika jumba la chama cha wauza vyakula, Grocers' Hall, wakachota karatasi: kwanza mkoa, halafu tarafa. Kaunti kumi ziligawanywa nusu kwa nusu kati yao na askari, na Tipperary, kwao na mzee wako, ni mojawapo.

Mwalimu Kitwana:

Mzee Mpima, heshima yako. Hiyo hesabu ya deni sina ubishi nayo, lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdanganya dada yetu. Deni halielezi chuki. Chuki ilitoka 1641, na 1641 ilitoka Ulster.

Baada ya machifu wakubwa wa Ulster kukimbilia Bara la Ulaya mwaka 1607, mfalme James alizitwaa kaunti sita, na kuanzia 1609 zikagawiwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti kwa mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Mwenye fungu la 1,000 alitakiwa alete wanaume 24, asipangishe Waairishi. Wengi walipangisha hivyo hivyo, maana Muairishi alikuwa tayari yupo pale na alikuwa analipa kodi. Kwa miaka thelathini na zaidi mtu alikaa kama mpangaji akitazama shamba la babu yake. Ulipolipuka ule uasi, waliolipa ni majirani.

Kesi moja tu. Novemba 1641, Portadown, mto Bann. Walowezi Waprotestanti wapata mia moja walifukuzwa kutoka kwenye daraja lililovunjwa katikati, wakatumbukia majini kwenye baridi ya huko, waliojaribu kuogelea wakapigwa. Mjane Elizabeth Price wa Armagh alitoa ushahidi kwamba watoto wake watano walikuwa kati yao. Ushahidi wa namna hiyo wa watu kama 8,000 umehifadhiwa Trinity College, Dublin, majalada 31. Baadhi ni ya kusikia kwa wengine na yametiwa chumvi, lakini yule mama alipoteza watoto wake mwenyewe. London habari hizo zilichapishwa na kukuzwa, idadi ya waliokufa ikapandishwa mpaka haiwezekani. Cromwell alipochinja Drogheda aliandika kwamba ni hukumu ya Mungu juu ya waliomwaga damu ya wasio na hatia. Na Drogheda haikuwa hata mikononi mwa waasi ile 1641! Kamanda wake 1649, Arthur Aston, alikuwa Mwingereza wa upande wa mfalme. Haya hayaelezwi na deni, Mzee wangu. Ni kisasi kilichovaa joho la dini.

Mpima Mstaafu:

Mwalimu, ya Portadown umesema kweli na nashukuru umeyasema kwa jina la yule mama. Sitayapunguza. Ila juu ya dini nikuongezee jambo. Ulowezi wa kwanza wa kiserikali, ule wa Laois na Offaly mwaka 1556, uliamriwa na Malkia Mary, naye alikuwa Mkatoliki aliyewachoma moto Waprotestanti kwao. Kaunti mbili zikabadilishwa majina kwa heshima yake na mumewe, Kaunti ya Malkia na Kaunti ya Mfalme. Mkatoliki aliwanyang'anya Wakatoliki. Dini ilikuja baadaye ikaupa moto kuni, moto ulikuwepo.

Sasa niingie kwenye upimaji, maana ndio ulionifanya nijue habari hizi.

Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa haijulikani ukubwa wake, na huwezi kugawa kitu usichokipima. Desemba 1654 kazi ilikabidhiwa kwa William Petty, daktari wa jeshi, kijana wa miaka 31, aliyekuwa profesa wa anatomia Oxford. Akaimaliza kwa muda wa miezi kumi na mitatu hivi. Sisi wenye theodolaiti na magari tungeomba miaka. Siri yake ilikuwa kuigawanya kazi vipande vipande. Fundi mmoja anatengeneza minyororo tu, mwingine dira tu. Shambani aliwapeleka askari waliozoea jua, mvua na vitisho, ambao hawakuhitaji kujua hesabu: wanavuta mnyororo, wanasoma dira, wanaandika daftarini. Madaftari yanapelekwa Dublin kwa wachoraji ambao hawajawahi kuliona hilo shamba. Askari aliyekuwa anavuta mnyororo mara nyingi alikuwa anapima malipo yake mwenyewe.

Ukizitazama zile ramani, tarafa kwa tarafa, parokia kwa parokia, utaona mpaka wa kila kitongoji, jina la mwenye shamba wa 1641, na neno la kuonyesha ardhi ya faida na isiyo ya faida. Kinamasi na mlima havikuhesabiwa kwenye mgao. Nimezichunguza kwa jicho la kazi na nasema bila kusita kwamba ni kazi ya ustadi mkubwa. Mistari imekaa vizuri kuliko ya wengi niliowafundisha. Ndiyo maana zinaniuma. Kila mstari ulionyooka pale una mtu aliyekuwa anaangalia kutoka mlangoni mwake mnyororo ukivutwa juu ya mtama, samahani, juu ya shayiri yake.

Na waliohama? Tarehe ya mwisho iliwekwa 1 Mei 1654: wenye ardhi Wakatoliki waliohukumiwa wavuke mto Shannon kwenda Connacht na Clare. Baba wa nyumba alitangulia kujenga kibanda, familia ikabaki ivune kilichopandwa. Kabla ya kuondoka aliandikiwa cheti: jina, umri, kimo, rangi ya nywele, ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, nguruwe, ekari za nafaka. Nywele zake ziliandikwa karatasi moja na mbuzi wake. Akifika huko, ukanda wa kando ya bahari na Shannon haruhusiwi, umewekwa kwa askari. Mwaka 1655 mtu mmoja alinyongwa Dublin akiwa amevalishwa kibao kilichotaja kosa lake, kwamba hakuhama.

Hata hivyo, Bint Tanga, wengi wa wanyonge hawakuhama. Vincent Gookin, naye mlowezi wa Kiingereza, alichapisha kijitabu 1655 akipinga kuwahamisha watu wote, na hoja yake kubwa ilikuwa hii: mkiwaondoa, nani atawalimia askari? Wakabaki palepale, wakilimia wageni. Familia ya mzee wako ikisema ilihamishwa, basi huenda ilikuwa na chake. Kuna tovuti ya Trinity College yenye ramani hizo pamoja na wamiliki wa 1641 na wa 1670 parokia kwa parokia. Muulize jina la parokia, umtafutie.

Bint Tanga:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, nimepata majibu kuliko nilivyotarajia. Mwalimu na wewe asante, jina la Elizabeth Price sitalisahau.

Nina maswali mawili. Vita yenyewe iliua watu wangapi Ireland? Na 1660 mfalme aliporudi, Charles wa Pili, si ndiye ambaye Waairishi wengi walipigana upande wa baba yake? Mbona hakuwarudishia?

Mpima Mstaafu:

Marahaba mwanangu.

Idadi: Petty mwenyewe alikadiria kwamba katika watu kama milioni 1.4, zaidi ya laki sita walitoweka kwa upanga, tauni, njaa na kuhamishwa. Wanahistoria wa leo wanaona alizidisha, lakini hakuna anayesema walikuwa wachache. Wengi hawakufa kwa risasi. Majeshi yalichoma mazao makusudi ili adui asile, njaa ikafuata, na tauni iliyoingia 1649 ikakuta miili isiyo na nguvu. Wanajeshi wa Kiairishi kiasi cha 34,000 waliruhusiwa kwenda kupigania wafalme wa Ulaya, wake na watoto wengi wakabaki. Wengine walisafirishwa kwa nguvu hadi Barbados. Mbwa mwitu walizaana mpaka serikali 1653 ikaweka zawadi, pauni 6 kwa jike na pauni 5 kwa dume. Pauni 6 kwa mbwa mwitu mmoja, wakati mtu mwenye mali chini ya pauni 10 alihesabiwa hana kitu.

Kuhusu mfalme: waliomfungulia mlango Ireland mwaka 1660 ni Broghill na Coote, makamanda wa zamani wa Cromwell, na wote wawili walikuwa na ardhi hizo. Aliwapa vyeo vya uearli, yaani vya mabwana wakubwa. Angewanyang'anya vipi? Ilifunguliwa mahakama ya kuwasikiliza waliodai hawakuwa na hatia, ikakaa Januari mpaka Agosti 1663, kisha ikafungwa maelfu hawajaitwa. Wakubwa wenye mtu wao ikulu walirudishiwa. Mwenye ekari mia na barua moja ya ushahidi alirudi alikotoka.

Tarakimu zinazotumiwa sana ni hizi: 1641 Wakatoliki walikuwa na kama asilimia 59 ya ardhi. 1688, asilimia 22. Baada ya kushindwa tena na Mfalme William wa Uingereza, 1703, asilimia 14. Halafu sheria ya 1704 ikasema shamba la Mkatoliki ligawanywe sawa kwa wanawe wote, isipokuwa mkubwa akibadili dini, hapo analichukua lote. Waliotunga sheria ile walijua wanachofanya: walimtia adui ndani ya nyumba, mtoto dhidi ya baba na ndugu zake.

Kipchirchir:

Mzee, kwetu Nandi tunazijua hizi. Sehemu ya ardhi yetu ilikatwa baada ya vita ya kwanza ya dunia wakapewa maafisa wa jeshi la Uingereza. Nauliza, Waairishi walipataje mashamba yao tena? Walipigana au walinunua?

Mpima Mstaafu:

Kipchirchir, hilo la kwenu ndilo lililonipeleka Ireland kwa njia ya vitabu. Mpango wa 1919 wa kuwapa wanajeshi mashamba Kenya ulichezewa bahati nasibu, Nairobi na London. Nimezishika ramani za baadhi ya mashamba hayo kazini, na nilipokuja kusoma habari ya Grocers' Hall niliweka kitabu chini nikatoka nje nikatembea kidogo. Kulipa askari kwa ardhi ya mtu wa tatu, kwa kuchota karatasi. Utaratibu ni ule ule.

Swali lako: yote mawili. Kuanzia 1879 wapangaji waligoma, walikataa kodi kubwa, walimtenga kila aliyechukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Serikali ya London ikaona heri iwakopeshe wanunue. Sheria ya 1885 ilitoa pauni milioni 5. Ile kubwa ni ya 1903: kabaila analipwa fedha taslimu na nyongeza juu, mkulima anapewa mkopo, analipa kila mwaka asilimia 3.25 ya mkopo huo, riba ikiwa humo humo, kwa miaka 68 na nusu. Mkulima anayesaini ana miaka arobaini anajua atakayemalizia ni mjukuu. Na ananunua nini? Kwa wengi, udongo uleule uliochukuliwa bure kulipia deni la 1642.

Ireland ilipojitawala 1922, malipo yale yaliendelea kuvuka bahari kila mwaka. Mwaka huohuo walianza kupigana wao kwa wao, na jumba la kumbukumbu za taifa Dublin likateketea mwezi Juni. Ramani za Petty zilizokuwa humo zikaungua, baada ya moto mwingine wa 1711 kuunguza nyingine. Tunazoziona leo zimetokana na nakala, na seti moja iko Paris kwa sababu meli iliyoibeba ilitekwa na Wafaransa mwaka 1707.

Mwaka 1932 Éamon de Valera akaingia madarakani, akazuia malipo ya mashamba yasiende London. Uingereza ikajibu kwa kutoza ushuru mzito ng'ombe wa Ireland. Bei ikaporomoka, ndama wakachinjwa kwa ajili ya ngozi tu. Wakulima waliumia miaka sita. Mwaka 1938 pande mbili zikapatana: Ireland itoe pauni milioni 10 kwa mkupuo mmoja, madai ya London yafutwe. Ikatoa. Wakulima wenyewe waliendelea kulipa nusu ya yale malipo, safari hii kwa serikali yao.

Ya Kenya na ile mikopo ya mpango wa ekari milioni moja, 1962, ina uzi wake. Ufungue, nitakuja.